KULA CHUMVI NYINGI
Je, vyakula vya viwandani viandikwe onyo?

Katika lugha yetu, mzee aliyeishi miaka mingi na kuyaona mengi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Ni maneno ya heshima, na maana yake ni kuwa ana akili na uzoefu kuliko sisi tuliozaliwa jana. Lakini siku hizi mzee huyo huyo akienda hospitali kupimwa presha, neno la kwanza aambiwalo ni apunguze chumvi. Naye hurudi nyumbani akaamrisha mchuzi wake upikwe chapwa. Jioni hununua dukani boflo, vidonge vya kukolezea mchuzi, na viazi vya pakiti vya wajukuu, wala hajui kuwa chumvi aliyoifukuza jikoni imeingia tena kwa mlango wa mbele.

Khabari hii yatuhusu wanachama kwa njia mbili. Kwanza, sisi sote ni walaji. Pili, sisi ni watu wa viungo. Wapo kati yetu ambao hawauzi karafuu tu, bali hufunga pilipili manga, mdalasini na bizari katika pakiti, na wengine hutengeneza achari. Kwa hiyo swali linaloulizwa sasa duniani, kama vyakula vyenye chumvi nyingi viandikwe onyo la afya, linatugusa mezani na linatugusa mfukoni.

Kabla ya kulijibu, yafaa tutazame mbali kidogo na visiwa vyetu, mahali ambapo chumvi haikuwa kitu cha kuokota ufukweni. Mahali penyewe ni Mugango.

MUGANGO, PENYE MAJI BARIDI

Mugango ni kata ya Musoma Vijijini, Mkoa wa Mara, kusini ya mji wa Musoma, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Watu wake ni wakulima na wavuvi, kama walivyo wengi wetu. Tofauti kubwa ni maji. Sisi tumezungukwa na bahari, na Pemba kuna watu wengi ambao riziki yao ni kuanika maji ya bahari wakapata chumvi. Maji ya ziwa lile ni baridi. Ukiyaanika mwaka mzima hupati chumvi ya kutia mchuzini.

Zamani katika nchi za kando ya ziwa chumvi ilikuwa kitu cha kufuatwa safari. Wasukuma walikwenda kwa misafara mpaka Ziwa Eyasi kuichukua. Wengine walipata ya chemchemi za Uvinza, upande wa Kigoma, na kule Uganda watu walitegemea ziwa la Katwe. Kitu kilichobebwa kichwani kwa siku nyingi hakimwagwi chunguni ovyo. Chumvi ilikuwa mali, na ilitumiwa kwa kipimo cha mali.

Alama ya desturi hiyo ingalipo katika dagaa. Dagaa wa ziwani kwa kawaida huanikwa juani tu, mchangani, juu ya majabali au juu ya vichanja, bila ya kutiwa chumvi. Dagaa wetu wa baharini huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, kisha ndipo huanikwa, na wengi wao husafirishwa Bara na mpaka Kongo. Jina ni moja, lakini chumvi si moja. Anayepika dagaa wa ziwani huitia chumvi kwa mkono wake na aona anachotia. Anayepika dagaa wetu amepewa chumvi yake tayari, na akiongeza mkono ule ule aliouzoea, amekwisha kupita kiasi.

Ama sangara ni jambo jingine. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa lile. Aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akaenea ziwa zima. Ni samaki mkubwa, ana mafuta, na huharibika upesi. Penye barafu huuzwa mbichi. Pasipo barafu hupasuliwa, hupakwa chumvi, hupangwa tabaka kwa tabaka, kisha huanikwa. Samaki huyo wa chumvi, ambaye wafanyabiashara wa ziwani humwita kayabo, naye soko lake kubwa ni Kongo. Mpemba akimwona atamtambua mara moja, kwani ni ndugu yake papa ng'onda.

Hapa pana jambo la kushika. Chumvi ya kayabo na ya ng'onda ina kazi yake: humzuia samaki asioze. Mvuvi asiye na barafu hana hila nyingine, na samaki aliyeoza humdhuru mlaji kwa siku moja kuliko chumvi kwa mwaka. Lakini chumvi ya viazi vya pakiti haifanyi kazi hiyo. Kavu kama vile, ndani ya pakiti iliyozibwa, viazi havingeoza upesi hata bila ya chumvi. Chumvi imetiwa ili mkono usitoke katika pakiti. Kwa hiyo kila tuonapo chumvi katika chakula tuiulize: kazi yako nini hapa?

KILICHOONEKANA KATIKA ZIWA HILO HILO

Watu wengine husema, "Wazee wetu walikula chumvi na hawakuugua presha." Maneno haya yamekwisha kupimwa, na yalipimwa katika ziwa hilo hilo, upande wa Kenya, miongoni mwa Wajaluo, ambao ndugu zao wanaishi Rorya katika mkoa huo huo wa Mugango.

Watafiti waliwafuata vijana 325 wa miaka 15 mpaka 34 waliohama vijijini kaskazini ya ziwa wakaenda kukaa Nairobi, na wakawalinganisha na wenzao 267 waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1990. Waliohama presha zao zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na jambo hilo lilionekana upesi baada ya kufika mjini, si baada ya miaka ishirini. Mikojo yao ilipopimwa ilionekana kuwa sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, imezidi, na potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, ndizi, maharage na viazi, imepungua kwa kulinganisha. Uzito nao uliongezeka, na mapigo ya moyo vile vile. Kwa hiyo si haki kuisingizia chumvi makosa yote. Lakini watu ni wale wale, damu ni ile ile, na kilichobadilika ni maisha na chakula.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1988, ulichapishwa uchunguzi mwingine mkubwa wa watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32. Vituo vinne vilionekana kuwa watu wake hula chumvi chache mno, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha vijijini Kenya. Katika vituo hivyo vinne presha za watu zilikuwa chini, na hazikupanda sana kadiri umri unavyosogea. Basi si sheria ya Mungu kuwa kila mzee lazima awe na presha.

Zamani mtu alihama kijijini akaifuata chumvi ya mjini. Sasa chumvi ya mjini ndiyo inayohamia kijijini, imefungwa katika pakiti. Tambi, biskuti, viazi vya kukaanga na vidonge vya mchuzi hufika maduka ya mwambao wa ziwa kama vinavyofika Wete na Mkoani. Safari waliyoifanya vijana wale kwa basi, mtoto wa leo aifanya akiwa amekaa barazani kwao.

KIASI GANI CHATOSHA?

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa hesabu ya vyakula vyote. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilisema kuwa wastani wa dunia ni gramu 10.8, zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili uichanganye, mishipa hujaa, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Presha haina kelele; mtu hulima, hupanda mkarafuu, huchuma, na hajui lolote mpaka siku ya kiharusi, au mpaka figo zichoke. Na hili si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa mwaka 2012 Tanzania Bara ulionyesha kuwa katika watu wa miaka 25 mpaka 64, kama 26 katika kila 100 walikuwa na presha ya kupanda. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulipata karibu theluthi moja.

Wachumaji huuliza kama jasho la juani halidai chumvi zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, chakula cha kawaida humrudishia chumvi aliyoitoa. Anachokidai mwili juu ya mkarafuu ni maji ya kunywa, na maji ndiyo wengi wanayoyasahau.

CHUMVI ISIYOONEKANA

Chumvi ya nyumbani hutiwa kwa mkono, na ulimi ni shahidi. Chumvi ya kiwandani ina hila ya kujificha. Boflo halina ladha ya chumvi, lakini mkate wa kawaida huweza kuwa na gramu 1 katika kila gramu 100. Anayekula gramu 300 kwa siku amekwisha kumaliza zaidi ya nusu ya haki yake kabla ya kugusa mchuzi. Vidonge vingi vya kukoleza mchuzi ni chumvi zaidi ya nusu ya uzito wake. Pakiti moja ya tambi za kupika upesi, pamoja na unga wake, huweza kuwa na gramu 3 au 4. Mpishi akitia vidonge viwili kisha akatia na chumvi kama alivyofundishwa na mama yake, ametia chumvi mara mbili kwa nia moja.

Tena pakiti nyingi haziandiki neno chumvi. Huandika sodiamu, kwa miligramu na kwa herufi ndogo. Hesabu yake ni hii: zidisha sodiamu kwa mbili na nusu upate chumvi. Pakiti ikisema miligramu 800 za sodiamu katika gramu 100, hizo ni gramu 2 za chumvi. Mwanachama mwenye kalamu ataweza. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na foleni nyuma yake dukani hawezi, na pakiti iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni haimwambii kitu.

WENZETU WALIVYOFANYA

Nchi zimeshika njia mbalimbali. Finland, ambako katika miaka ya 1970 watu walikula kama gramu 12 kwa siku, iliamuru mwaka 1993 kuwa vyakula fulani vilivyokolea chumvi viandikwe hivyo waziwazi. Viwanda vingi havikupenda kubeba neno hilo, vikapunguza chumvi vyenyewe. Kufikia mwaka 2002 wastani ulikuwa umeshuka chini ya gramu 9.

Chile ilikwenda mbele zaidi. Tangu Juni 2016 chakula cha pakiti kilichozidi kiasi cha sodiamu kilichowekwa hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane usoni mwa pakiti. Mwanzo kiasi kilikuwa miligramu 800 katika gramu 100 kwa vyakula vikavu. Mwaka 2019 kikashushwa mpaka 400. Mtoto asiyejua kusoma aijua alama ile. Mexico ilifuata mwaka 2020, na nchi nyingine za upande ule pia.

Afrika ya Kusini haikuanza na alama, ilianza na kipimo. Kwa sheria iliyotolewa mwaka 2013, mkate haukuruhusiwa kuzidi miligramu 400 za sodiamu katika gramu 100 tangu tarehe 30 Juni 2016, kisha 380 tangu tarehe 30 Juni 2019. Vyakula vingine vingi navyo viliwekewa mipaka, vikiwamo viazi vya pakiti na unga wa supu. Mlaji hakuombwa asome chochote; chumvi ilipunguzwa kabla ya mkate kuingia tanurini.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kuwa chumvi nyingi ya watu wetu yatoka jikoni, si kiwandani, na hivyo onyo la pakiti ni kupiga kelele mlango usiokuwa wake. Nusu ya maneno haya ni kweli. Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini karibu robo tatu ya chumvi huliwa katika vyakula vilivyotengenezwa; kwetu mkono wa mpishi ungali na sehemu kubwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa. Alama hufundisha watu kwa gharama ndogo kabla ya kuzoea. Wakishazoea, kila chakula kisichokolea huonekana chapwa, na ulimi wa mtoto uliolelewa kwa pakiti hautarudi nyuma kwa hiari.

Wengine husema onyo litawaumiza wadogo: mvuvi wa Mugango, mwanika dagaa wa Unguja, na mama muuza achari. Hoja hii ina uzito. Kayabo huuzwa kwa fungu, na ng'onda hutundikwa sokoni. Onyo utalibandika wapi? Juu ya mkia? Sheria ya pakiti isilazimishwe kwa kitu kisichokuwa na pakiti. Kwa samaki wa namna hiyo dawa ni mafundisho: samaki wa chumvi mkavu aliyekolea huweza kuwa na sehemu 15 za chumvi katika 100, kwa hiyo gramu 100 zake ni chumvi ya siku tatu. Akatwe vipande vidogo, alowekwe, maji yamwagwe na kubadilishwa mara kadhaa, kisha apikwe bila ya kuongezewa chumvi. Nazi, ndimu na pilipili zitatosha.

Wa tatu ni wale wanaosema kuwa onyo litamfukuza mnunuzi. Nao tuwajibu kwa maneno ya wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chakula kinachouzika kwa sababu tu mlaji hajui kilichomo, hakijauzwa kwa haki.

CHUMVI YENYE MADINI JOTO

Hapa pana tahadhari, khasa kwa wenzetu wa Pemba. Onyo likiandikwa vibaya, watu wataogopa chumvi yenyewe na kuiacha kabisa, au watakimbilia isiyotiwa madini joto kwa kudhani ndiyo nyepesi. Uchunguzi wa watoto wa shule za visiwani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa chumvi yenye madini joto ilikuwamo katika nyumba 63 hivi kwa kila 100 Unguja, lakini Pemba ilikuwa katika nyumba 1 tu. Watoto wenye rovu walikuwa kama 21 katika 100 Unguja, na 32 Pemba. Kukaa karibu na bahari hakukuwasaidia. Madini joto yakipungua, mimba huharibika na akili za watoto hudumaa.

Basi mambo haya mawili yasigombane. Chumvi ya kutia jikoni iwe chache, na hiyo chache iwe yenye madini joto. Onyo liwekwe juu ya chakula kilichokolea, si juu ya mfuko wa chumvi yenye madini joto.

LINALOTUPASA

Kwa rai yetu, onyo lahitajika, tena kwa vyakula vya viwandani vya pakiti na makopo, kwa kuwa huko ndiko chumvi inakojificha. Liwe alama kubwa usoni mwa pakiti, ieleweke bila ya kusoma, na maneno yake yawe ya Kiswahili. Mkate usingoje onyo. Uwekewe kipimo kama Afrika ya Kusini, maana boflo jingi huuzwa halina karatasi yoyote.

Nasi tusingoje sheria. Kila mwanachama anayefunga viungo kwa kuuza ahakikishe hakutia chumvi katika bizari yake, kisha aandike usoni mwa pakiti maneno mawili: HAINA CHUMVI. Maneno hayo hayagharimu kitu, na kwa mgonjwa wa presha yana thamani kubwa. Anayetengeneza achari, ambayo chumvi ni ya lazima, aandike kiasi chake kwa ukweli. Lakini pasiwe na mtu wa kuandika kuwa karafuu hutibu presha. Karafuu, mdalasini, tangawizi na pilipili manga husaidia mchuzi uwe mtamu kwa chumvi chache. Kazi hiyo yatosha, na ni ya kweli. Anayetumia dawa za presha asiziache.

Nyumbani, chumvi itiwe mara moja, na mtu mmoja. Penye kidonge cha mchuzi au dagaa wa kuchemshwa, chumvi ya mkono isiongezwe kabla ya kuonja. Chombo cha chumvi kiondoke juu ya meza. Watumiao magadi kulainisha maharage wakumbuke kuwa magadi nayo ni sodiamu. Na kila aliyetimiza miaka arobaini apimwe presha walau mara moja kila mwaka, khasa kabla ya msimu wa kuchuma, kwani juu ya mti si mahali pa kugundua maradhi.